Kabla ya taya, meno

Alikuwa muuza mitumba wa Gikomba, na leso alikuwa ameivuta hadi chini ya jicho. Alipoishusha, shavu la kulia lilikuwa limejaa kama la mtu aliyetia embe mdomoni.

"Lakini haliumi, daktari."

Hiyo ndiyo hila ya ameloblastoma, uvimbe wa taya. Hukua polepole, miaka nenda miaka rudi, huku ikila mfupa kutoka ndani. Kwa kawaida si saratani, ila haina adabu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameng'olewa gego mahali fulani kwa sababu lilikuwa likicheza, na hakuna aliyempiga eksirei. Sisi tulipompiga, taya la chini lilionekana matundu matundu, kama povu la sabuni. Kinyofu tulichopeleka maabara kikathibitisha.

Aliuliza wanachouliza wengi: si mkwangue tu? Ukikwangua, chembe za uvimbe hubaki ndani ya mfupa wa pembeni, na mara nyingi uvimbe hurudi. Ndiyo maana hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima.

Mimi ni daktari wa meno ya bandia. Watu hudhani zamu yangu hufika wengine wakishanawa mikono. Nimewahi kuletewa taya lililopona vizuri kabisa ila halikuwa na pa kusimamisha jino, kwa hiyo siku hizi nang'ang'ania kuwepo kwenye kikao cha kwanza, pamoja na wapasuaji wa taya, wapasuaji wa kurekebisha maumbile na daktari wa nusukaputi.

Ubishi wetu mkubwa ni kuhusu mguu, maana mfupa wake ndio tunaoutumia kujaza pengo la taya. Mfupa mwembamba wa upande wa nje, fibula, hubeba uzito kidogo sana, kwa hiyo unaweza kuutoa mradi uache kama sentimita 6 juu na 6 chini, goti na kifundo visilegee. Hutolewa pamoja na ateri na vena zake, zikaungwa na mishipa ya shingoni chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Lakini kimo chake ni kama nusu tu ya taya lenye meno. Ukiulaza kwenye ukingo wa chini, uso unapendeza, ila meno yatakuwa marefu kama nguzo za stima na vipandikizi, yaani skrubu zinazoyashikilia mfupani, vitalemewa. Ukiupandisha, shavu linabonyea. Wakati mwingine tunaukunja ukawa wa ghorofa mbili. Basi mimi huanza kwa kupanga meno ya nta kwenye mfano wa taya uliochapishwa kutokana na siti skani, yakutane na ya juu, ndipo tuamue mfupa ulale wapi.

Upasuaji ulianza asubuhi, ukaisha giza limeingia. Usiku kucha nesi alikuwa akikagua, kila saa, kipande cha ngozi ya mguu kilichokuja na mfupa, kikashonewa mdomoni. Kikidungwa sindano kikatoa damu nyekundu, tunapumua. Ikichuruzika upesi, nyeusi, theata hufunguliwa saa hiyo hiyo.

Vipandikizi vya titani vilifuata miezi baadaye. Titani hushikana na mfupa, jambo ambalo Msweidi Brånemark alilitumia kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na kushikana huko huchukua miezi. Ngozi ya mguu nayo ni nene, ilibidi ipunguzwe. (Wanaume wengine huota nywele mdomoni. Sitanii.) Wengi hukwama hapa: uso umerudi, waliochanga wametawanyika, na meno yanaonekana anasa. Mtu anayekunywa uji tu mwaka wa pili hatayaita hivyo.

Siku niliyomfungia meno aliuliza kuhusu mahindi ya kuchoma. Nikamwambia aanze na githeri iliyoiva mno. Akaomba chai. Neva ya mdomo wa chini ilikuwa imepita katikati ya uvimbe, tukaikata pamoja nao, kwa hiyo tone lilipoteremka kidevuni hakulihisi. Binti yake akamgusa kiwiko, naye akajipangusa.