Oili ya giaboksi: "jenuini" maana yake nini hasa?

Ukisimama kaunta ya duka la spea pale Mwanakwerekwe ukasema unataka oili ya giaboksi ya otomatiki, mara nyingi utaulizwa: "Jenuini au ya kawaida?" Swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza ingefaa uulizwe gari gani, la mwaka gani, na giaboksi yake inataka oili ya aina gani. Nimeshaona giaboksi nzima zikitolewa na kutupwa kwa sababu watu walibishana juu ya jina la kampuni, na aina yenyewe hakuna aliyeitazama.

Jenuini ni oili iliyotiwa kwenye kopo lenye jina la kampuni iliyounda gari: Toyota, Nissan, Honda na nyenginezo. Hiyo inayoitwa ya kawaida ni oili ya kampuni ya vilainishi, iliyokusudiwa magari ya kampuni nyingi. Neno "kawaida" linaidhulumu, maana watu husikia "duni". Kampuni ya magari huweka masharti ya oili inayoitaka, kisha kampuni ya vilainishi ndiyo inayochanganya na kujaza. Idemitsu ya Japani, kwa mfano, huzitengenezea kampuni za magari za huko oili zinazouzwa kwa majina ya magari, na papo hapo inauza makopo yenye jina lake. Kwa hiyo ukinunua jenuini, bei ya juu unailipia ahadi: aliyeunda giaboksi anakwambia kwamba kilichomo ndicho alichokitaka. Ukinunua ya kampuni nyengine, anayekuahidi ni kampuni hiyo peke yake, nawe ni juu yako kusoma imeahidi nini.

Kwa nini aina iwe jambo kubwa hivyo? Kwa sababu oili ya giaboksi ya otomatiki ina kazi nyingi kuliko ya injini. Hailainishi na kupooza tu. Ndiyo inayosukuma nguvu kutoka injini kuingia giaboksi ndani ya konveta (chombo kinachoiunganisha injini na giaboksi kwa oili), ndiyo inayofungua na kufunga njia za kubadilisha gia kwa presha yake, na ndiyo inayoamua pleti za klachi zishikane kwa ulaini au kwa kishindo. Ikiwa nyepesi au nzito kuliko inavyotakiwa, presha inabadilika. Ikiwa na dawa zisizo zake, pleti zinateleza au zinagonga. Wengi mitaani huita oili hii haidroliki, na jina hilo si baya, linaeleza nusu ya kazi yake.

Sasa tazama maandishi. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, usome kilichochongwa kwenye chuma au kwenye kishikio. Toyota IST la kwanza, lililotoka mwaka 2002, linataka oili ya aina ya Toyota T-IV. Toyota za baadaye nyingi zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe wanasema WS isitiwe palipoandikwa T-IV. Zote mbili ni jenuini, zote zina jina la Toyota, na bado moja ni kosa. Honda wao walipoleta DW-1 walisema inachukua nafasi ya Z1 ya zamani. Huwezi kukisia nani amesema nini, lazima usome.

Rangi usiiamini. Ule wekundu ni rangi tu iliyotiwa ili oili ikivuja ijulikane inatoka wapi. Hauelezi aina.

Rangi hiyo ndiyo iliyomponza shemegi yangu wa Pemba. Toyota Noah lake ni la CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua: kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa kati yake, na puli zikipanuka na kusinyaa mwendo unabadilika. Ndani ya CVT, chuma kinatakiwa kishike chuma huku kukiwa na utando mwembamba wa oili katikati. Oili ya otomatiki ya gia imetiwa dawa za kulainisha mshiko wa pleti, hivyo mkanda unapoteza mshiko na kuanza kuzikwaruza puli. Gereji moja ilimbadilishia oili, ikatia nyekundu iliyokuwepo, kopo zuri la kampuni yenye sifa, tena si feki. Wiki ya pili, kwenye vilima vya njia ya Mkoani kwenda Chake, injini ikawa inanguruma na gari haliendi, kisha likawa linatetemeka kila akipunguza mwendo. Tulipochomoa kijiti, maandishi yalikuwepo waziwazi: CVT FLUID TC. Tulimwaga, tukatia ya TC, tukarudia tena baada ya siku chache kwa kuwa ukifungua plagi ya chini haitoki yote, nyengine hubaki ndani ya konveta na kwenye njia zake. Mtetemo ulipungua. Haukwisha, kwa sababu mkwaruzo kwenye puli hauoshwi na oili.

Ndiyo maana kwa CVT msimamo wangu ni mmoja: nunua jenuini, au ya kampuni ya vilainishi iliyotaja herufi zile zile za gari lako, TC au FE kwa Toyota, NS-2 au NS-3 kwa Nissan. Hiyo inayodai kufaa kila CVT duniani mimi siitii kwenye gari. Kwa otomatiki za gia, hasa za T-IV, oili nzuri ya kampuni nyengine ninaitumia kwa moyo mweupe. Giaboksi nyingi za Toyota zinaundwa na Aisin, nao Aisin wanauza oili yenye jina lao, ambayo kwa kanuni za soko si "jenuini ya Toyota", lakini huwezi kusema aliyeunda giaboksi hajui oili yake.

Soma pia kitenzi kilichotumika kwenye kopo. General Motors hutoa leseni kwa oili zake za Dexron, na kopo lenye leseni huwa na namba yake. Toyota hawafanyi hivyo kwa WS, kwa hiyo kopo la kampuni nyengine litasema "inafaa kutumika palipotakiwa WS". Hilo si uongo, ila ni neno la muuzaji, halijathibitishwa na Toyota. Kampuni yenye jina la kulinda italiheshimu neno lake. Kopo lenye orodha ya aina ishirini, CVT na otomatiki pamoja, na anwani ya kiwanda haisomeki, liache pale pale rafuni.

Hapo ndipo feki inapoingia, na watu huichanganya na oili ya kampuni nyengine. Feki ni kopo linalodai kuwa jenuini ilhali silo, na jina kubwa ndilo linalopendwa kughushiwa. Tazama muhuri chini ya kifuniko, chapa iliyofifia, namba ya toleo iliyofutwa. Kopo la jenuini lililojazwa upya ni hatari kuliko la kampuni ndogo iliyo mkweli.

Magari yetu karibu yote yametumika Japani kwanza, na hatujui oili iliyomo ni ya lini. Kama lako halina kijiti, na ya WS mengi hayana, basi kipimo kinafanywa chini ya gari kwa plagi ya kumwagikia, yaani ile inayotoa oili iliyozidi, oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45. Muulize fundi atalipimaje joto hilo kabla hajalala chini. Ukimaliza, andika aina uliyotia na kilomita zilizosomeka, kwenye kipande cha tepe, ubandike ndani ya boneti. Fundi wa Wete au wa Paje atakayelifungua baadaye atasoma kabla ya kushika dumu lake.