Marais kukutana mjini si lazima mji uinuke

Hapa Goma, toka Birere hadi Himbi, kuna imani ya siku nyingi: wakubwa wa dunia wakikutana kwetu, tutajulikana na wawekezaji watafuata. Sivyo inavyokuwa.

Januari 2008 mji wetu ulipokea mkutano wa amani wa Kivu, wajumbe zaidi ya elfu moja. Tarehe 23 hati ya ahadi ikatiwa sahihi, jina la Goma likasikika mbali. Agosti vita vikarudi, na kufika mwisho wa Oktoba wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi, walikuwa kwenye lango la mji. Inauma, maana watu walisadiki kwa moyo wote.

Tazama Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa pale mwaka 1999, lakini kilichoukuza mji ni vilivyobaki: makao makuu ya Jumuiya, mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Majaji, mawakili na wakalimani walipanga nyumba, wakanunua sokoni, mwaka hadi mwaka. Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022. Utulivu ukirudi, tuombe ofisi ya kudumu kabla ya kuomba mkutano.