Hedifoni haimfanyi dereva aone

"Mbona mikono yote iko kwenye usukani?" dereva hunijibu nikimgongea kioo kwenye foleni ili aache kuongea na simu, hedifoni ikiwa sikioni mwake. Wengi huamini hatari ni kuishika simu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara 4 zaidi, na kutoishika mkononi hakusaidii sana. Kinachotekwa ni akili: anatazama kioo cha pembeni, pikipiki yangu imo humo, lakini haoni kitu. (Nasi bodaboda tunaobana simu ndani ya helmeti tusijifanye malaika.) Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 2 ni mita 33. Na bampa yangu mimi ni goti.