Shemeji, rada haioni kila kitu

Kila Desemba, watu wa Dar wakishapanda nyumbani, mimi fundi wa rada huulizwa swali lilelile. Safari hii lilitoka kwa shemeji yangu, chini ya migomba Kibosho, simu mkononi: "Shemeji, ndege zote naziona hapa bure. Jeshi linaziona, TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga, wanaziona. Sasa hizi habari za taasisi kupeana picha ya anga, nani anaruka wapi, ni za nini?"

Nimechoka, naandika.

Hiyo simu kwanza. Ndege unayoiona inajitangaza yenyewe kwa ADS-B, mfumo wa redio unaotaja jina na mahali ilipo, megahezi 1090, na kuna mtu mwenye kipokezi juu ya paa anayeirusha intaneti. Ni mgeni anayejitajia jina getini, nawe unaandika atakachosema. Akinyamaza, huna habari. Rada ya pili, wanayoitegemea zaidi waongoza ndege, nayo ni ya maswali: inauliza kwa 1030, transponda, redio ya kujibu iliyo ndani ya ndege, inajibu kwa 1090. Ikizimwa, kimya. Rada ya msingi pekee ndiyo hupiga wimbi na kusubiri mwangwi, ndege itake isitake. Ila inakupa kidoa tu, kisicho na jina na mara nyingi kisicho na kimo.

Hapa ndipo watu wananiudhi. Wanadhani kupeana ni kuvuta waya ili wote watazame skrini moja. Hapana! Mwongoza ndege ana mipango ya safari: nani, katoka wapi, anakwenda wapi. Kazi yake ni kutenganisha ndege, kwa hiyo anataka skrini safi. Mvua, miangwi ya milima na ndege wenye manyoya vinachujwa. Mlinzi wa anga, yule wa jeshini, anakitaka hichohicho mwenzake alichokichuja. Ukimpelekea picha iliyosafishwa, umeshamtupia alichokuwa anakitafuta. Ukimpa mwongoza ndege picha ghafi, umemjazia heroe wa Ziwa Manyara. Kwa hiyo vidoa ghafi viende huku, majina yaende kule, na saa za mitambo yote zilingane. Ndege ya kilomita 900 kwa saa husogea mita 250 kila sekunde. Saa zikipishana kidogo, ndege moja inazaa pacha.

Milima nayo. Ukiwa na rada KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Kilimanjaro ya mita 5,895 na Meru ya mita 4,562 ni kuta. Kindege kinachopita chini upande wa Rombo hakionekani, hata mtambo uwe mzuri vipi. Kabla ya mkataba wa 2017 wa rada nne (Dar, KIA, Mwanza, Songwe), rada ya kiraia ilikuwa moja, Dar, kama kilomita 450 kutoka hapa. Kwa mviringo wa dunia, mstari wake ukifika kwetu umeshapanda karibu mita 12,000. Vindege vya watalii vya Kisongo, uwanja wa Arusha, havikaribii huko.

Shemeji akasema basi tununue rada zaidi. Nikamwambia habari ya MH370, ndege ya abiria ya Malaysia iliyopotea. Machi 8, 2014, transponda yake ilipozimika, rada ya jeshi la Malaysia ilikipata kidoa kikigeuka. Kikahesabiwa ni rafiki, yakaisha. Watafutaji wakaanzia Bahari ya Kusini ya China, upande ambao ndege haikwenda. Rada zilikuwepo. Mwenye kidoa hakuwa na jina, na mwenye jina hakuwa na kidoa.

Sasa lile ambalo kwenye kozi halisemwi sana: kupeana kwingi kunaweza kumchelewesha mtu. Mitambo miwili ikitofautiana mita 400 juu ya ndege ileile, saa nane usiku, unaamini upi? Nimekaa mbele ya tofauti ya namna hiyo. Kilichonitoa ni simu ya mezani, namba imeandikwa ukutani kwa kalamu ya wino, na mtu wa upande wa pili aliyeijua sauti yangu. Mimi ni mtu wa mitambo, na jambo hilo halinifurahishi hata leo.

Shemeji alinisikiliza vizuri, kisha akauliza kama rada ya KIA itaiona drone aliyoileta kupigia picha za harusi ya Jumamosi. Haina transponda, itaruka chini ya vilele vya miti, na ni ndogo kuliko tai. Nikamjibu kwamba kwa drone taasisi zinapeana kwa karatasi: kibali kinapita TCAA na Wizara ya Ulinzi. Anacho?

Akaniongezea mbege.