Kiajemi au Siam: paka gani ataishi vizuri na familia yako Kigoma?

Paka akihema mdomo wazi mchana wa Septemba, ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, wengi hudhani ana kiu na humsogezea bakuli la maji. Mbwa huhema hivyo kila siku na hana shida yoyote, lakini paka sivyo. Paka anayehema kwa mdomo mara nyingi amezidiwa na joto, au mapafu au moyo wake una tatizo. Msogeze kivulini, na kama hatulii haraka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Naanza na joto kwa sababu, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kati ya aina mbili ambazo familia za Kigoma Ujiji huulizia: paka wa Kiajemi mwenye manyoya marefu, na paka wa Siam mwenye macho ya bluu.

Uso bapa wa Kiajemi unapendeza, na watoto huupenda. Lakini uso ule ni kazi ya binadamu. Kwenye maonyesho ya paka yaliyofanyika London mwaka 1871 paka wa Kiajemi walikuwepo, na wa enzi hizo walikuwa na pua ndefu kuliko hawa tunaouziwa leo. Wafugaji waliendelea kuchagua wenye pua fupi, kizazi baada ya kizazi, mpaka njia ya hewa ikabanwa na mfereji wa machozi ukapinda. Ndiyo maana Kiajemi wengi hukoroma hata wakiwa macho, na machozi huwatiririka usoni. Machozi hayo yafutwe kila siku kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, la sivyo ngozi huchubuka na kunuka.

Halafu kuna manyoya. Kiajemi achanwe kila siku, dakika 10 hadi 15, kwa chanuo la chuma. Ukiruka wiki moja, mafundo hujisokota nyuma ya masikio, kwapani na tumboni. Tafadhali usiyakate kwa mkasi: ngozi ya paka ni nyembamba, huvutwa ndani ya fundo, na ni rahisi sana kuikata bila kukusudia. Fundo kubwa linyolewe kwa mashine na mtaalamu.

Manyoya hayo huficha viroboto pia, na hapa ndipo paka wengi hufa bure. Dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa isimguse paka kamwe. Nyingi zina pemethrini au viuatilifu vya jamii yake, ambavyo ini la paka haliwezi kuvivunja. Paka hutetemeka, hupata degedege, akafa. Vivyo hivyo na panadol: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

La mwisho kuhusu Kiajemi ni figo. Aina hii hurithi ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo. Mzazi mmoja mwenye kasoro hiyo anatosha kuipitisha kwa takriban nusu ya watoto wake. Vifuko hukua polepole, na paka anaweza kuonekana mzima miaka mingi kabla figo hazijaanza kushindwa. Tangu mwaka 2004 kuna kipimo cha vinasaba, na altrasaundi pia huonyesha vifuko hivyo. Muulize muuzaji kama wazazi walipimwa. Akikosa jibu, mwache.

Paka wa Siam ana manyoya mafupi yanayolala mwilini, na mara moja kwa wiki inatosha kumchana. Rangi yake ni somo zuri kwa watoto wa shule. Kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayotengeneza rangi ya manyoya yake, hufanya kazi kwenye ubaridi tu. Tumboni mwa mama ni joto kila mahali, hivyo huzaliwa mweupe. Baadaye masikio, pua, miguu na mkia, sehemu zilizo baridi zaidi, hukoza rangi. Akilelewa kwenye baridi ya Njombe mwili wake utakuwa mweusi kuliko akilelewa hapa ziwani. Na akinyolewa ubavuni kwa ajili ya kufungwa kizazi, manyoya mapya huweza kuota yakiwa meusi. Usiogope, hajaungua.

Shida yake ni upweke. Siam huongea kutwa, kwa sauti nzito kama ya mtoto anayelia, na humfuata mtu chumba kwa chumba. Nyumba ambayo wote hutoka alfajiri kwenda kazini na shuleni itamtesa. Pia aina hii huelekea kupata pumu, kwa hiyo jiko la mkaa na chetezo cha udi viwe mbali naye, hasa kwa wenzetu wa Ujiji ambao udi ni sehemu ya nyumba.

Nyumba yenye watoto, bibi au dada anayeshinda nyumbani, ningeipa wa Siam bila kusita. Kiajemi ningempa mtu mzima mtulivu, mwenye chumba chenye hewa, na tena paka mwenyewe awe yule ambaye pua yake bado inaonekana ukimtazama kwa ubavu.

Chakula ni kilekile kwa wote wawili. Ugali uliolowekwa mchuzi haumtoshi paka yeyote. Paka ni mla nyama, na bila taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, moyo wake hutanuka na macho yake hupofuka. Dagaa na migebuka wetu ni hazina, ila wapike: baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwake. Dagaa wa chumvi waloweke kwanza, umwage maji.

Wengi huagiza paka kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Usikubali mtoto wa paka aliye chini ya wiki 12. Akifika, mpe chumba kimoja tulivu chenye beseni la mchanga, maji na boksi la kujificha, siku tatu hivi, watoto wakiingia mmoja mmoja. Kisha mlete kliniki kwetu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua na kuambukiza, na aendelee kuchanjwa kila mwaka. Njoo na kadi yake kama anayo. Kama hana, tutamfungulia nyingine.