Mfadhili wa utafiti hanunui kifaa chako

Wiki hii nimepokea tena ujumbe uleule: "Kaka, kifaa chetu kimekamilika, kinafanya kazi asilimia mia. Tutafutie ruzuku ya utafiti." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika. Kifaa kikishakamilika na kufanya kazi asilimia mia, utafiti umekwisha. Kilichobaki ni kuuza, na kwa kuuza kuna benki, kuna mwekezaji, kuna mteja mwenyewe.

Ruzuku ya utafiti inalipia jambo ambalo bado halijajulikana. Tazameni SBIR ya Marekani, mpango wa ruzuku za utafiti kwa kampuni ndogo ulioanzishwa kwa sheria ya 1982. Awamu ya kwanza inalipia kujua kama wazo linawezekana, ya pili kuliendeleza. Ya tatu, ya kupeleka sokoni, haina hata dola moja kutoka mfuko huo, na wameamua hivyo makusudi. (Kampuni ya Watanzania iliyopo Dar haiwezi kuomba hiyo, tafadhali msiniulize tena.) Grand Challenges Explorations ya taasisi ya Gates, iliyoanza 2008, ilitoa dola 100,000 kwa andiko la kurasa 2 bila kudai data za awali.

Mwaka jana walinijia vijana watatu na kipimo chao cha unyevu wa mahindi. Mahindi yakiingia ghalani na unyevu unaozidi asilimia 13.5, ukungu unapata nafasi na sumukuvu inafuata, kwa hiyo shida waliyoishika ilikuwa ya kweli. Andiko lao lilisema kipimo "ni sahihi na cha kuaminika". Nikawaambia wakilete. Tukanunua debe moja Tandale, tukachomeka fimbo ya kipimo sehemu tatu: 12.6, kisha 14.9, kisha 13.3. Mmoja wao akafunika kioo kwa kiganja. "Hiyo tutairekebisha kabla ya kutuma, kaka."

Hapana! Hiyo ndiyo ruzuku yenyewe. Kwa nini debe moja linatoa majibu matatu? Ni joto, ni mahindi ya mashamba tofauti yaliyochanganywa, au fimbo haishikani vizuri na punje? Mkulima achomeke mara ngapi ndipo aweze kuamini jibu la gunia zima? Maswali hayo yana mtu wa kuyalipia. "Sahihi na cha kuaminika" haina.

Tuliandika upya, namba zile tatu zikakaa aya ya kwanza. Bado wakakataliwa, kwa sababu ya bajeti: waliweka pikipiki na kompyuta mpakato, wakasahau tanuri la kukaushia sampuli, linaloonyesha unyevu halisi. Utajuaje kipimo chako kinakosea kiasi gani kama huna cha kukilinganisha nacho? Raundi iliyofuata waliungana na mtafiti wa chuo mwenye tanuri, wakapata.

Mengine ni ya haraka. Usajili wa kampuni BRELA, TIN (namba ya mlipakodi) na hesabu zilizokaguliwa viwe tayari kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Fuatilieni matangazo ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mfuko wake wa MTUSATE. Someni vigezo kabla ya kusoma kiasi cha fedha, maana kuna miito inayotaka chuo kiwe mwombaji mkuu na kampuni iwe mshirika. Na zile orodha za wafadhili mia zinazozunguka WhatsApp, zifuteni. Niliyotumiwa juzi bado ina USAID, ambayo misaada yake ilisitishwa rasmi Julai 2025.

Lipo linaloninyima usingizi. Fedha nyingi za ruzuku huja kwa awamu, nyingine hulipwa baada ya wewe kutumia zako na kupeleka risiti. Kampuni ya watu watatu inaweza kushinda ruzuku ikakosa kodi ya ofisi. Vijana wangu wamekausha sampuli tangu Machi. Mwezi Juni alikuja mfanyabiashara wa nafaka akitaka vipimo 40, fedha mkononi, na hawakuwa na hata kimoja cha kumpa. Mimi ndiye niliyewashauri watie saini mkataba wa ruzuku, na hadi leo sijui kama niliwashauri vema.