Zile Kura Tatu ni za Nani?

Saa tano usiku, ndani ya darasa la shule ya msingi. Taa ya chaji imening'inizwa dirishani, sanduku la kura za urais limefunguliwa, na msimamizi wa kituo anachomoa karatasi moja moja. Anasoma jina kwa sauti, anaigeuza karatasi ili kila wakala wa mgombea aione, kisha anaiweka kwenye fungu lake. Fungu moja limepanda hadi linataka kuporomoka. La pili lina karatasi tatu tu. Wakala mmoja anacheka, halafu anauliza: "Sasa hizi tatu ni za nani?"

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya elimu ya mpiga kura hapa Kenya, na usiku wa kuhesabu huwa niko kituoni kama mwangalizi. Swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kufikia asubuhi huwa limeshatoka darasani na kufika kisimani na kwenye kioski cha chai. Labda ni yule mwalimu aliyehamishiwa hapa mwaka jana. Labda ni mke wa fulani, maana kwao si huku. Labda ni yule kijana aliyekataa fulana za kampeni. Na hao watatu wenyewe wameketi papo hapo, wanacheka na wenzao, wanauliza pamoja na wenzao, ili wasishukiwe.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya hao watatu, na kwa ajili ya wanaowatafuta.

Niwaambie kwanza hao watatu kwamba hamjakosea. Ibara ya 38 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura, na inataja wazi kwamba ni kura ya siri. Ibara ya 81 inarudia: uchaguzi huru na wa haki ni ule unaofanywa kwa kura ya siri. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamwadhibu anayehonga na anayetisha. Lakini kuna kanuni moja ndogo ambayo mimi naiona nzito kuliko watu wanavyodhani: ukiandika jina lako kwenye karatasi ya kura, au ukaweka alama yoyote ya kukutambulisha, kura hiyo inakataliwa. Katika mikutano yetu watu huipinga sana. "Kura ni yangu, kwa nini nisiitie sahihi?" Kwa sababu mahali palipo na njia ya kuthibitisha, hapakosi mtu wa kukulazimisha uthibitishe. Anayenunua kura anataka risiti, na anayetisha anataka risiti hiyo hiyo. Sheria imekataa risiti isiwepo kabisa, ili usalama wako usitegemee ujasiri wako.

Tuliwahi kuishi bila kinga hiyo, na waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka. Mwaka 1988, KANU ikiwa chama pekee, kura za mchujo zilipigwa kwa mlolongo. Ulisimama nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, mchana kweupe, na vichwa vikahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, hapakuwa na kura ya siri ya kumpima tena. Mfumo huo ulipotangazwa mwaka 1986, viongozi wa makanisa kupitia NCCK, baraza lao la kitaifa, waliupinga, na hoja yao ilikuwa ya mtu anayejua maisha ya kijijini: mchungaji atasimamaje kwenye mstari mmoja ilhali waumini wake wako kwenye mistari yote? Ungeweza kuuliza vivyo hivyo kuhusu mwenye duka, au mkunga, au mpangaji ambaye mwenye nyumba amesimama mstari wa pili. Na hata mateso hayo ya kujianika hayakuleta haki, kwani kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu na waliosimama wanaona kwa macho yao. Mkutano wa wajumbe wa KANU wa Desemba 1990 ndio uliokubali kuuondoa mlolongo pamoja na ile asilimia 70. Desemba 1992 tukarudi kwenye kibanda na sanduku.

Naileta historia hii kwa sababu ninaona mlolongo ukirudi kwa mlango wa nyuma. Haupangwi uwanjani tena. Unapangwa kwenye makundi ya WhatsApp, harambee, vikao vya ukoo na meza za chakula. Mtu hatoki kwenye mstari kwa sababu kila mmoja anaangalia nani katoka.

Wengi hudhani shinikizo kubwa liko kwenye kura ya urais. Mimi nimeliona likiuma zaidi kwenye kura ya mwakilishi wa wadi. Mgombea urais hakujui. Mgombea wa wadi alisoma na kaka yako, alikuchangia ulipofiwa, na nyumba yake unaiona ukiwa kwako. Na anahesabu. Kwa sheria kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na vingine huko malishoni vina watu wachache mno. Alitarajia kura 60 katika kituo chenu, amepata 41. Zile 19 zilizopotea anazitafuta usoni mwa kila mtu anayemsalimia wiki hiyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wataalamu wenzangu hawapendi kulisema hadharani. Uwazi wa matokeo, ambao tuliupigania, una bei yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na ikasisitiza kwamba hesabu ya kituoni haibadilishwi huko juu. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ikaweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo 46,229 kwenye tovuti ili kila Mkenya ajijumlishie. Ni jambo jema, na ningelitetea tena kesho, kwa sababu matokeo yakifichwa huibwa. Lakini kijiji kinapojua kwamba kina kura tatu za "upande ule", siri ya mtu mmoja mmoja inabaki salama huku ile ya watu watatu ikianza kuchunguzwa. Karatasi haimtaji mtu. Ni sisi tunaoanza kutaja.

Na kuna siku ambapo hata wino wa kidoleni ulitosha kuwa jibu. Uchaguzi wa urais uliorudiwa tarehe 26 Oktoba 2017 ulisusiwa na upinzani, na katika sehemu kubwa ya kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori upigaji kura haukufanyika. Katika maeneo ya ususiaji, pale kura ilipopigwa, hukuhitaji kumuuliza mtu alimchagua nani, maana kidole chenye wino peke yake kilikuwa kimeshamsemea. Kwingine ambako watu walijitokeza kwa wingi, kidole kisicho na wino ndicho kilichoulizwa maswali. Ndiyo maana nasema siri ya kura ni pamoja na uhuru wa kwenda na wa kutokwenda bila kukaguliwa vidole na majirani.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii aangalie kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa 1995, uhasama wa vyama vya CCM na CUF uliingia hadi sebuleni. Watu waliacha kununua katika duka la mwenzao wa chama kingine, walisusiana mazishi, na ndoa zilivunjika. Kwa watu wa pwani, kususa maziko si jambo dogo, kwani ni kumwambia mtu kwamba hata akifa si wenu. Ilichukua miaka hadi Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walipokutana Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wapatao theluthi mbili ya waliopiga kura ya maoni wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Viongozi waliweza kupeana mikono kwa siku moja. Jirani ambaye hukumzika mama yake hamalizani naye kwa siku moja.

Kwetu dalili huanza na maneno. "Msaliti." "Si mwenzetu." "Madoadoa," neno ambalo NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki Aprili 2022, na ambalo sisi tunaokumbuka machafuko ya kikabila ya Bonde la Ufa ya miaka ya 1990 hatulisikii bila kushtuka. Doa ni kitu cha kufutwa. Kura tatu katika fungu la mia nne zikishaitwa doa, waliozipiga nao wanafuatia kuitwa hivyo.

Mtafiti wa Ujerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, alieleza mwaka 1974 jinsi woga wa kutengwa unavyomfanya mtu anyamaze anapodhani wenzake hawako naye, na jinsi ukimya wake unavyomfanya mwingine mwenye mawazo hayo hayo adhani yuko peke yake. Nimeuona ukweli wa jambo hilo kwenye vituo vyetu. Kura zinapofunguliwa huwa ni tatu mahali fulani, lakini mahali pengine palipokuwa na kelele ile ile ya upande mmoja huwa ni mia moja na ishirini. Watu mia moja na ishirini, kila mmoja akiamini ni yeye tu.

Nisieleweke vibaya. Kunyamaza si kosa, na kusema si kosa. Katiba hiyo hiyo inakupa haki ya kumpigia debe umtakaye na kuvaa fulana yake. Siri ni ngao, si kamba ya mdomo. Kosa liko kwa anayemfanya mwenzake aogope, awe mume anayemwambia mkewe "nyumba hii ina kura moja", au mzee anayewaapisha vijana baada ya kugawa pesa, au tajiri anayekusanya vitambulisho vya watu hadi siku ya kura ipite. Ukiona vitambulisho vinakusanywa, ripoti kwa polisi au kwa tume, na usimpe mtu chako hata kwa "kukihifadhi".

Wengi huniuliza wajibu nini wakibanwa. Huna deni la jibu. Sema "Kura yangu nimeiacha sandukuni," kisha badilisha mazungumzo. Ukidaiwa picha ya karatasi yako, ujue aliyekuomba anatafuta ile risiti ambayo sheria imemnyima, kwa hiyo iache simu mfukoni. Na kama ulipokea pesa ukaapishwa, mwenye kosa la kwanza ni aliyetoa. Kibandani uko peke yako, na ile pesa haina macho.

Tukiwa kwenye maandalizi ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, mwezi uliopita tulifanya kikao chini ya mwembe, na mama mmoja muuza samaki akasimama. Alikuwa ameshika kanga mdomoni muda wote, nikadhani hataki kusema.

"Mwanangu," akaniambia, "ile mashine ikinisoma kidole, si inajua nimeweka alama wapi?"

Nikamweleza kwamba mashine ile ya KIEMS inamtambua tu kwamba ni yeye na kwamba yumo kwenye daftari la kituo hicho. Ikishamtambua, kazi yake kwake imekwisha. Anapewa karatasi sita, nyeupe ya rais hadi ile ya mwakilishi wa wadi, na karatasi hizo hazina waya wala jina lake. Zikiingia sandukuni zinachanganyika na za wenzake, hata msimamizi hawezi kuitoa yake akaijua.

"Na mimi sijui kusoma. Mara ya mwisho nilisaidiwa. Yule msimamizi aliniuliza nani, nikasema, na mawakala wote wamesimama hapo. Wakala mmoja ni mtoto wa shemeji yangu. Tangu siku ile hanisalimii."

Watu walinyamaza. Nikamwambia alichotendewa ndivyo kanuni zinavyosema kwa mtu aliyekuja peke yake: msimamizi humsaidia mbele ya mawakala, ili asije akamgeuzia kura. Lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu aje na mtu wake anayemwamini, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mtu huyo atajaza fomu ya kiapo cha kutunza siri, atamsaidia yeye tu na si mwingine, nao wataingia kibandani wawili. Wala wakala haruhusiwi kwenda kusema nje alichokisikia ndani. Mtoto wa shemeji yake, kama alitangaza, alivunja sheria.

Alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole.

"Mjukuu wangu wa kike anatimiza kumi na nane Juni hiyo," akasema. "Huyo hasemi kitu. Nitakuja na yeye."

Mama aliyekaa kando yake akamvuta kanga kwa chini, akamnong'oneza, lakini nilimsikia: "Na mimi nani wangu atafaa?"